Mkono wa pili unafanya nini ukishika wembe wa kukunja? Kinyozi anajibu wasomaji

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya wembe wa kukunja, ule wa kizamani wenye mpini unaofunguka kama kisu cha mfukoni, nikasema anayetaka kujinyoa nao ajifunze kutumia mikono yote miwili. Sikutegemea sentensi ile moja ingeleta barua nyingi hivi. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndo mzizi wa nyingine zote, kwa hiyo hata kama swali lako halimo anza na hiyo.

Habari kinyozi. Shemeji yangu anaishi Ujerumani, alinitumia wembe wa kukunja umeandikwa Solingen, jina la mji wa huko, nina nao miezi miwili sasa. Shavu la kulia nanyoa vizuri tu, ila nikihamia la kushoto mkono unapita mbele ya uso, kioo hakionekani, na kila wiki najikata palepale chini ya taya. Lakini kinyozi wangu wa mtaani ananinyoa uso mzima kwa mkono wa kulia na hanikati hata siku moja. Sasa mimi nihangaike na mkono wa kushoto wa nini? (Msomaji, Tanga)

Kaka pole kwa hayo majeraha. Swali lako ni la maana sana kwa sababu watu wengi wanaiga wanachokiona kwenye kiti cha saluni wakidhani kujinyoa ni kitu kilekile, na sio kilekile. Kinyozi wako anakuzunguka. Anasimama kulia kwako, anahamia nyuma, anakuinamisha, anakugeuza, na kiti chenyewe kinazunguka, kwa hiyo mkono wake wa kulia kila unapofika unakuta shavu limeshawekwa linavyotakiwa. We huwezi kuuzunguka uso wako mwenyewe. Umesimama mbele ya kioo, mabega yako yako palepale, na upande mmoja wa uso utakuwa mbali na mkono wa kulia hata ufanyeje.

Alafu kuna jambo hujaliona kwa sababu ukiwa kwenye kiti umefumba macho. Yule kinyozi anatumia mikono miwili! Wa kulia umeshika wembe, wa kushoto unatembea na wembe, unavuta ngozi hapa, unaiachia, unaivuta pale. Siku ukienda tena fumbua macho utazame ule wa kushoto tu, achana na wembe, utashangaa una kazi kiasi gani. Vyuo vya vinyozi Marekani vinagawa uso katika sehemu 14, kuna sehemu unanyoa na mkono wa kawaida na kuna sehemu unageuza kiganja kama mtu anayefuta meza kwa mgongo wa mkono, na katika kila sehemu mwanafunzi anaonyeshwa pia vidole vya mkono mwingine viwekwe wapi. Ngozi isipovutwa inajikunja mbele ya makali, na makali hayajui tofauti ya ngozi na unywele.

Sasa tuje chini ya taya lako. Wembe unatakiwa ulale karibu kabisa na ngozi, kama nyuzi 30 hivi. Mkono wa kulia ukivuka pua kwenda shavu la kushoto kifundo cha mkono kinapinda, kikipinda mgongo wa wembe unanyanyuka, na we huoni kwa sababu mkono wenyewe umeziba kioo. Kwenye shavu bapa unaweza ukaponea, lakini ukifika mfupa wa taya uso unajikunja kuingia shingoni, wembe wako haujajikunja nao, hapo makali yanachimba. Kwa hiyo unajikata palepale kila wiki kwa sababu kosa ni lilelile kila wiki, na hata ukinoa wembe mara mia haitasaidia.

Dawa ni kuhamisha wembe. Shavu la kushoto shika wembe kwa mkono wa kushoto, vidole vitatu vikae juu ya shingo ya wembe, yaani kile kipande kisicho na makali kabla ya mpini, gumba liwe chini yake, kidole kidogo kipumzike kwenye ule mkia uliopinda. Mkono wa kulia upitishe juu ya kichwa, ndiyo, juu ya kichwa kama mtu anayejikuna sikio la upande wa pili, vidole vishike ngozi kwenye panja karibu na sikio, uivute juu taratibu. Anza chini ya sharafa, shuka kwa vipande vifupi vya sentimita 2 au 3, kila ukishuka na vidole vya mkono wa pili vinashuka nyuma yako. Ukifika taya, badala ya kupindisha wembe ufuate mfupa, vuta ngozi ya chini ya taya ipande juu ya shavu ili uinyoe ikiwa imelala kwenye sehemu bapa. Hili jaribu kwanza bila wembe, sasa hivi ukiwa umekaa hapo. Weka vidole kwenye shavu uvute kwenda juu, utaona ngozi ya shingoni inavyokuja.

Vidole vikiwa na povu vitateleza, na vikiteleza ngozi inarudi ghafla chini ya makali. Mimi naweka kipande cha shabu pembeni ya beseni, nalowesha vidole nakipapasa mara mbili tatu, vinashika ngozi kama vina gundi. Na shabu hiyohiyo ndo unapaka mwisho kama kuna sehemu imechanika kidogo, damu inasimama.

Mzee aliyenifundisha kazi banda lake lilikuwa chini ya mwembe, kioo kimetundikwa kwenye msumari kwenye shina. Wiki tatu za kwanza hakunipa wembe, alinipa brashi, na brashi yenyewe kwa mkono wa kushoto tu. Nilikuwa napaka wateja povu mpaka masikioni, napangusa, napaka tena, na yeye ananiangalia haongei. Wiki ya nne akapuliza puto, akalipaka povu, akaniwekea wembe kwenye mkono wa kushoto akasema toa povu lote. Nilipasua maputo manne asubuhi ile, watoto wa jirani wanahesabu kwa sauti. La tano lilibaki. Nilipoliegemeza wembe bila kusukuma, uzito wa chuma peke yake ukafanya kazi, povu likatoka kama unavyoondoa utando juu ya maziwa yaliyopoa, na mpaka leo nikishika wembe kwa mkono wa kushoto nausikia uzito ule ule. Nakushauri na wewe ufanye hivyohivyo. Wiki ya kwanza brashi tu kwa mkono wa kushoto, na mswaki pia ukiweza. Kisha puto. Kisha nyoa kipande cha chini ya sharafa ya kushoto tu, ukubwa wa sanduku la kiberiti, kinachobaki malizia ulivyozoea, kila wiki ongeza kidogo.

Kuna watu watakwambia kaa na mkono uliouzoea, mkono mgeni utakukata. Mimi siafiki kabisa. Mkono mgeni unaogopa, na kwa kuwa unaogopa haukandamizi, unakwenda polepole, hivyo ndivyo wembe huu unavyotaka. Wengi walioumia ninaowaona waliumizwa na mkono uliozoea, umeshazoea wembe wa dukani wa kusukumasukuma ukauleta ujasiri wake hapa.

Ila kubadili mkono kuna adabu yake. Usihamishe wembe hewani mikono ikiwa na povu. Suuza wembe, ufute kuanzia kwenye mgongo kwenda kwenye makali, uweke juu ya taulo kavu, kausha mikono, kisha uuchukue kwa mkono mwingine. Na ukianguka usiudake, rudi nyuma uuache ufike chini, wembe unanunuliwa mwingine lakini vidole havinunuliwi. Usije pia ukausogeza wembe pembeni kufuata urefu wa makali kama unakata mkate, hata milimita chache, hapo ngozi inafunguka yenyewe.

Kuhusu wembe wenyewe usiwe na wasiwasi. Jina la Solingen linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938, kwao haliruhusiwi kuwekwa kwenye chuma ambacho hakikutengenezwa huko. Kama shemeji alinunua dukani Ujerumani basi umepata kitu chema, tatizo halipo kwenye chuma.

Sasa kinyozi. Nafanya kazi ya kunyoa hapa Kisumu, mimi ni msichana na ni wa shoto toka utotoni. Nikishika wembe kwa kushoto wateja wengine wanaanza kusogea kwenye kiti, mmoja aliamka akaenda. Nimejaribu kujilazimisha kutumia kulia naona nitamuumiza mtu. Kuna wembe wa watu wa shoto? (Msomaji, Kisumu)

Dada yangu usijilazimishe. Huo wembe wa kukunja wa kawaida hauna kulia wala kushoto, umesagwa sawa pande zote mbili, ukiushika kushoto kitu pekee kinachobadilika ni kwamba maandishi ya kiwandani yanaangalia upande mwingine. Tofauti ni wembe wa kienyeji wa Wajapani, kamisori, ule haukunjiki na pande zake mbili hazikusagwa sawa, upande mmoja ndo umekusudiwa kugusa ngozi. Ukiletewa ule uliza kwanza. Wa kukunja, na hata kile kishikio cha kuwekea nusu wembe ambacho nadhani ndo unakitumia, ni wako kabisa.

Kwa wateja, mtu anaogopa kitu asichokizoea, basi mzoeshe kabla makali hayajafika. Mpake povu kwa mkono wa kushoto, polepole, umfunge taulo la moto kwa mkono wa kushoto, aone mkono wako una utulivu. Na simama upande wake wa kushoto. Nahisi umefundishwa na mtu wa kulia na bado unasimama anaposimama yeye, ndo maana unaonekana umejipinda, na mteja akiona kinyozi amejipinda anahama. Ukihama upande, mkono wako wa kulia utaangukia wenyewe kwenye panja lake kuvuta ngozi, na we mwenyewe utajisikia umekaa sawa. Yule aliyeamka akaenda muache aende, usimfuate na aibu yako.

Kaka mi nafata ushauri wote, navuta ngozi inakaza kama ngoma, nanyoa kwenda chini narudia kwenda juu, siku ya kwanza nang'aa kabisa. Siku ya tatu shingo imejaa vipele vyenye usaha na vinauma. Nibadili sabuni? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mdogo wangu sabuni iache. Hapa mkono wa pili ndo unaokuponza, na nafurahi umeuliza maana nikisema vuta ngozi watu wanasikia kaza mpaka mwisho.

Ndevu zetu zimejisokota tangu ndani ya ngozi, hazitoki zimenyooka. Ukikaza ngozi kama ngoma unywele unachomoza zaidi ya kawaida yake, wembe unaukata, ukiiachia ngozi inarudi na unywele unarudi nayo ukiwa umekatwa chini ya uso wa ngozi. Sasa ncha yake imechongwa na wembe kama mshale, na wenyewe umezaliwa kujisokota, unapoanza kukua badala ya kutoka nje unachoma ukuta wa ndani. Hata ule uliotoka nje unaweza kujikunja ukarudi kuchoma ngozi pembeni. Mwili unauona kama mwiba, unavimba, unatengeneza usaha. Kule kurudia kwenda juu, kinyume na ndevu zinavyoelekea, kunazidisha hayohayo. Kung'aa siku ya kwanza ndo gharama yake unalipa siku ya tatu.

Kwanza acha wembe kabisa, wiki tatu nne hivi, vipele vyote vitulie, ndevu ziwe ndefu kidogo zitoke zenyewe. Usizichimbe na sindano. Kipindi hicho zijue ndevu zako, pitisha kidole shingoni, upande unaoteleza ndo zinakoelekea, upande unaokwaruza ni kinyume. Shingoni mara nyingi hazielekei chini kama mashavuni, zingine zinakwenda pembeni, zingine zinapanda juu, kwa hiyo "kunyoa kwenda chini" kwako inawezekana kabisa hata mara ya kwanza ulikuwa unakwenda kinyume bila kujua.

Ukirudi kunyoa, kanda na taulo la moto dakika mbili tatu, povu zito, kisha mkono wa pili uweke ngozi iwe bapa tu, isijikunje. Bapa, sio kukaza. Mimi huwa napima hivi, nikiachia vidole ngozi isiruke kurudi, itulie tu pale ilipo. Nyoa mara moja kufuata ndevu zinavyoelekea uishie hapo. Itabaki kivuli cha ndevu, ukipapasa utazisikia, ziache. Na kama hata hivyo vinarudi, au unaona vinaacha makovu yanayokua na kuwa magumu, hasa kisogoni, nenda kwa dokta wa ngozi mapema, hilo sio la kinyozi tena. Kuna watu ngozi zao hazitaki wembe wa aina yoyote na mashine inayoacha nywele fupi kidogo inawatosha.

Assalaam alaykum. Bibi yangu alinilea nisishike kitu cha maana kwa mkono wa kushoto. Kunyoa shavu kwa kushoto moyo haukubali, naona kama kukosa adabu. (Msomaji, Unguja)

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Mimi si shehe, la dini muulize anayejua. Ninachokijua ni kwamba bibi aliyekulea hivyo alikulea vizuri, mkono wa kula na wa kumpa mtu kitu ni wa kulia na mimi nimelelewa hivyohivyo. Lakini mvuvi anavuta nyavu kwa mikono miwili, na mama akikuna nazi mkono mmoja hautoshi, hakuna aliyewahi kumwambia mama kakosa adabu. Shavu ni lako, mkono umeuosha kwa sabuni muda huo huo, mimi naona hapo hakuna unayemvunjia heshima. Na kama kuanza kulia ni jambo unalolijali, basi liko sawa na wembe huu, kwa mtu wa kulia tunafundisha aanze na shavu la kulia kwa sababu ndo rahisi, mkono unapata joto huko kabla ya kuhamia kushoto.

Wembe mmoja wa kukunja tunaweza kutumia mimi na kaka yangu? Tunauchemsha maji. (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Damu kidogo ambayo huioni kwa macho inatosha, virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi vikiwa bado vina nguvu ya kuambukiza, na ukiongeza na ukimwi sioni kwa nini mjiweke hapo kwa kuokoa bei ya wembe mmoja. Kuchemsha kunauharibu wembe pia, mpini unapasuka na pale kwenye kiungo panaingia kutu. Kila mtu na wake. Mkitaka kushirikiana shirikianeni ukanda wa kunolea kila wembe ukishasafishwa na spiriti na kukaushwa, na huo nao unataka mikono miwili, mmoja unaukaza ukanda usilegee, mwingine unapitisha wembe mgongo ukitangulia makali yakifuata nyuma, na kwenye kugeuza ugeuze kwa kuviringisha juu ya mgongo, usigeuze kwenye makali utakata ngozi ya ukanda.

Mwanangu kinyozi, nina miaka 71. Wembe wa kukunja nimeutumia toka ujana. Mwaka jana nilipata kiharusi, mkono wa kushoto umebaki dhaifu, hauvuti tena. Wa kulia ni mzima. Naweza kuendelea kwa mkono mmoja? (Msomaji, Morogoro)

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara kadhaa kabla ya kujibu kwa sababu najua mtu aliyeshika wembe ule miaka yote hiyo hauoni kama chombo tu.

Nisikufiche baba, kwa mkono mmoja nakuomba usiendelee nao. Mkono wa kulia ungekuwa na utulivu wote wa zamani, bado anayeshika ngozi hayupo. Halafu wengi waliopata kiharusi wanapewa dawa za kufanya damu isigande, na ukiwa kwenye dawa hizo hata mkato mdogo unatoka damu muda mrefu. Kama unatumia dawa ya namna hiyo, hata ya aspirini, mashine ya umeme au ya betri ndo salama yako. Muulize dokta wako kwanza.

Kama dokta anasema wembe hauna shida, basi ule wa kushika wenye kinga, ambao Gillette alianza kuuza mwaka 1903 kwa ajili ya watu wasio na mkono wa kinyozi. Na ngozi utaivuta bila mkono. Shavu lijaze pumzi au lisukume kwa ulimi kutoka ndani, mdomo wa juu uvute kwenda chini ukiufunika kwenye meno, kidevu inua na ugeuze kichwa kinyume na upande unaonyoa, shingo itanyooka yenyewe. Kaa kwenye kiti, usisimame, kioo kiwe mezani. Ukitamani kunyolewa vizuri siku ya sikukuu mwite kinyozi nyumbani, aje na wembe mpya aufungue mbele yako, na umwambie habari za dawa kabla hajaanza.

Ule wa zamani usiutupe. Ukaushe vizuri, upake mafuta mepesi ya cherehani kwenye chuma na kwenye kiungo, uuzungushie kitambaa kikavu, usiufungie kwenye plastiki maana unyevu utabaki ndani. Kila baada ya mwezi uufungue uutazame, ukiona doa la kahawia lifute mapema na upake mafuta tena.